Kuchagua Taa za LED Zenye Ubora kwa Vyumba vya Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mtu anaposimama mbele ya rafu ya balbu asijue ashike ipi. Yameanzia kwenye mambo ya msingi na kuishia kwenye matatizo ya nadra. Pale ambapo jambo limeshaelezwa katika jibu jingine, utaelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

1. Taa ya LED hutoaje mwanga, na kwa nini mnunuzi ajali?

Balbu ya zamani ya uzi hutoa mwanga kwa kupashwa moto: umeme hupita katika uzi mwembamba wa tungsteni mpaka uwake, na sehemu kubwa sana ya umeme huo huishia kuwa joto. LED ni kipande kidogo cha semikondakta kinachotoa mwanga chenyewe umeme unapopita ndani yake. Balbu nyingi za LED za nyumbani hubeba vipande vinavyotoa mwanga wa buluu, nao hupita katika tabaka la unga wa manjano linalogeuza sehemu ya ubuluu huo kuwa kijani, manjano na wekundu; mchanganyiko huo ndio jicho huuona kuwa mweupe. Njia hiyo ilifunguliwa na LED ya buluu yenye nguvu, na Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walioifanikisha walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014.

Kwa mnunuzi, maana yake ni kwamba weupe huo unaweza kuchanganywa vizuri au ovyo. Isitoshe, ndani ya balbu kuna vitu viwili ambavyo havionekani kwa nje: alumini inayoondoa joto, na sakiti inayogeuza umeme wa nyumba kuwa mkondo tulivu unaoifaa LED, ambayo mafundi huiita draiva. Mtengenezaji anayetaka kubana gharama hubana hapo kwanza, na mnunuzi huja kulipia baadaye kwa mwanga unaopepesa (swali la 7) au balbu inayokufa kabla ya wakati wake (swali la 18).

2. Kwa nini nisichague kwa kuangalia wati?

Kwa sababu wati hupima umeme unaotumika, si mwanga unaotoka. Enzi za balbu za uzi kipimo hicho kilitosha, maana balbu zote za wati 60 zilikaribiana kwa mwangaza. Leo kipimo cha mwanga ni lumeni. Balbu ya uzi ya wati 40 ilitoa takriban lumeni 450, ya wati 60 takriban 800, ya wati 75 takriban 1,100, na ya wati 100 takriban 1,500 au zaidi kidogo. LED nzuri hutoa lumeni 800 kwa wati 7 hadi 9 tu.

Gawanya lumeni kwa wati upate lumeni kwa kila wati moja. Balbu inayotoa chini ya 80 imepitwa na wakati, na inayofika 100 au zaidi ni nzuri kwa matumizi ya nyumbani. Usiifuate hesabu hii kupita kiasi, kwa kuwa balbu inayoonyesha rangi kwa uaminifu (swali la 5) mara nyingi hutoa lumeni pungufu kidogo kwa kila wati, na hiyo ni gharama inayostahili kulipwa. Balbu ya wati 60 ikiwaka saa 5 kila siku hutumia takriban uniti 110 za umeme kwa mwaka, na LED ya wati 8 haifiki uniti 15. Ukishatoka kwenye balbu ya uzi, akiba kubwa umeshaipata. Kutoka wati 8 hadi wati 7 ni jambo dogo, ilhali ubora wa mwanga utaishi nao kila jioni.

3. Kwenye boksi nisome nini kwanza?

Anza na lumeni, kisha kelvini (swali la 4), kisha CRI (swali la 5), ambayo wakati mwingine huandikwa Ra. Baada ya hapo angalia volti, aina ya kitako, saa za uhai, na kama balbu inaruhusu kupunguzwa mwanga. Maandishi makubwa ya mbele ya boksi, hasa yale ya «sawa na wati 100», hayana uzito mpaka yaungwe mkono na idadi ya lumeni iliyoandikwa kwa herufi ndogo ubavuni. Boksi lisilotaja lumeni wala CRI lirudishe kwenye rafu.

## Rangi na ubora wa mwanga

4. Kelvini ni nini, na nichukue 2,700, 4,000 au 6,500?

Kelvini, kwa kifupi K, huonyesha kama mwanga mweupe umeelemea upande wa manjano au wa buluu. 2,700 K ni manjano tulivu ya balbu ya uzi. 3,000 K ni nyeupe kidogo zaidi. 4,000 K ni mweupe wa kati. Na 6,500 K ni mweupe wenye ubuluu, unaofanana na mwanga wa mchana wa mawingu. Watu wengi huchukua 6,500 K wakiamini kwamba weupe ndio ukali. Ukali huamuliwa na lumeni. Balbu mbili za lumeni 800, moja ya manjano na nyingine nyeupe, hutoa kiasi kilekile cha mwanga.

Kwa maoni yangu 6,500 K haina nafasi katika chumba cha kupumzikia usiku: hufanya kuta zionekane za kijivu na nyuso za watu zionekane zimechoka. Chukua 2,700 hadi 3,000 K kwa sebule na vyumba vya kulala, na 3,000 hadi 4,000 K kwa jikoni, bafu na meza ya kazi. Usichanganye taa za kelvini tofauti ndani ya chumba kimoja zikiwaka kwa pamoja, kwani jicho huzilinganisha papo hapo na moja itaonekana kama ina kasoro.

5. CRI ina umuhimu gani nyumbani?

CRI hupima jinsi mwanga unavyoonyesha rangi za vitu ukilinganishwa na mwanga wa rejea, na kiwango cha juu kabisa ni 100. Balbu nyingi za kawaida zina 80. Kwa nyumba ninashauri 90 au zaidi, hasa jikoni, mbele ya kioo na mahali pa kuchagulia nguo. Penye ngazi, stoo na korido, 80 inatosha.

Tofauti hiyo unaweza kuiona mwenyewe. Nyoosha kiganja chako chini ya balbu ya CRI 80, kisha chini ya balbu ya CRI 95 yenye kelvini zilezile. Chini ya ile ya kwanza ngozi hupoteza wekundu wake na kuwa kama imefifia. Chini ya pili damu iliyo chini ya ngozi inarudi kuonekana. Kitambaa chekundu nacho huelekea kwenye rangi ya kahawia chini ya mwanga wa CRI ndogo. Sababu ni kwamba LED nyingi za bei rahisi zina wekundu mchache, na kipimo cha CRI huuficha upungufu huo: kinatokana na wastani wa rangi 8 zilizofifia, wakati wekundu mkali, unaopimwa kando kwa jina la R9, haumo kwenye wastani huo. Boksi likitaja R9 iliyozidi 50, hiyo ni dalili njema ya mtengenezaji aliyejali. Tangu mwaka 2015 kuna pia kipimo kinachoitwa TM-30 kinachotumia rangi 99, ila ni nadra kukikuta kwenye boksi la balbu ya kawaida.

6. Mbona balbu mbili zenye kelvini zilezile zinatoa rangi tofauti?

Kelvini hueleza tu kama mwanga uko upande wa manjano au wa buluu. Haisemi kama umeelemea kijani au waridi. Mkengeuko huo hupimwa kwa hatua za MacAdam, zilizotokana na vipimo alivyovichapisha David MacAdam mwaka 1942, na kwenye karatasi za maelezo huandikwa SDCM. Ndani ya hatua 3 watu wengi hawaoni tofauti. Kwenye hatua 5 au 6, taa mbili zinazoangaza ukuta mmoja mweupe zitakupa madoa ya rangi mbili. Nunua taa zote za chumba kwa wakati mmoja, toleo moja, na uweke moja au mbili za akiba.

7. Nitajuaje kama balbu inapepesa wakati sioni kitu?

Umeme wa nyumbani ni wa mkondo geu. Penye umeme wa hezi 50, nguvu hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde. Penye hezi 60, mara 120. Draiva nzuri husawazisha mawimbi hayo, draiva dhaifu huyapitisha yalivyo. Jicho halioni kuzimika na kuwaka kwa kasi hiyo, lakini baadhi ya watu hupata maumivu ya kichwa na uchovu wa macho bila kujua chanzo.

Jaribio lisilohitaji kifaa ni hili. Usiku, acha iwake balbu hiyo peke yake, kisha upunge penseli kwa kasi kushoto na kulia mbele ya sehemu nyeusi. Ukiona ukungu mmoja mfululizo, balbu ni tulivu. Ukiona penseli nyingi zilizotengana kama vijiti vya kipepeo cha mkono, inapepesa. Kamera ya simu ikisogezwa karibu na balbu nayo huonyesha michirizi myeusi inayotembea, ingawa kamera nyingine hujaribu kuificha, kwa hiyo penseli ndiyo naiamini zaidi. Kwenye karatasi ya maelezo tafuta PstLM (kipimo cha kupepesa kunakoonekana kwa macho) isiyozidi 1.0 na SVM (kipimo cha kupepesa kwa kasi, kunakojitokeza kwenye vitu vinavyosogea) isiyozidi 0.4, ambavyo ndivyo viwango vya Umoja wa Ulaya. Kupepesa kunakoonekana kwa macho, kwa vipindi visivyo na mpangilio, ni jambo jingine: mara nyingi ni waya uliolegea au dima, yaani swichi ya kupunguza mwanga, isiyolingana na balbu (swali la 14).

8. Je, mwanga wa LED huharibu macho au usingizi?

Balbu za kawaida za nyumbani ziko mbali na kiwango cha kudhuru jicho. Kiwango cha kimataifa cha IEC 62471 huzipanga taa katika makundi ya hatari, na kwa matumizi ya nyumbani tafuta RG0 au RG1, makundi mawili ya chini kabisa. Usingizi ni suala tofauti. Ndani ya jicho kuna seli zinazohisi zaidi mwanga wa buluu wa takriban nanomita 480, nazo huuambia mwili kwamba bado ni mchana na kuzuia melatonini, homoni ya usingizi. Basi saa za mwisho kabla ya kulala zitumie mwanga wa 2,700 K au chini ya hapo, na uwe mchache. Uchache una uzito sawa na rangi: taa ya manjano yenye mwanga mwingi kupita kiasi haisaidii.

## Chumba kwa chumba

9. Chumba changu kinahitaji lumeni ngapi?

Lumeni moja ikitua kwenye mita moja ya mraba huitwa laksi moja. Sebule na chumba cha kulala hutosheka na laksi 100 hadi 150 kwa mwanga wa jumla. Mahali pa kusomea au kukatia vitu panahitaji 300 hadi 500, hapo tu, si chumba kizima.

Chukua sebule ya mita 4 kwa 5: mita za mraba 20 mara laksi 150 ni lumeni 3,000. Lakini kuta, dari na vivuli vya taa hula sehemu ya mwanga, hivyo zidisha kwa 1.5 upate 4,500. Kama kuta ni za rangi nzito, zidisha kwa 2. Kama nyumbani kuna wazee, ongeza tena, maana jicho la mtu wa miaka 60 hupitisha mwanga mchache kuliko la kijana wa miaka 20. Kiasi hicho kigawanywe kati ya taa kadhaa badala ya kukitwika balbu moja katikati ya dari.

10. Sebule iwe na taa moja ya dari au taa kadhaa?

Taa kadhaa, kwenye swichi tofauti. Taa moja kali katikati hutupa vivuli chini ya macho ya kila aliyeketi na kuacha pembe za chumba gizani. Mpangilio unaofaa una mwanga wa jumla, taa ya kusomea kando ya kiti, na taa inayoangaza ukuta, kwa sababu chumba huonekana angavu pale kuta zinapoangaza, hata kama sakafu haijapata mwanga mwingi.

Ukitumia taa ndogo za kuzamishwa darini, angalia pembe ya mwanga. Pembe ya nyuzi 24 hutoa duara dogo kali linalofaa picha ukutani. 36 hadi 40 hufaa meza. 60 au zaidi hufaa mwanga wa jumla. Makosa ya kawaida ni kujaza dari nzima taa za nyuzi 36, matokeo yake yakawa sakafu yenye madoa na macho yanayochomwa kila mtu anapoinua kichwa.

11. Na chumba cha kulala?

Mwanga wa jumla wa 2,700 K, taa ya kusomea kila upande wa kitanda yenye lumeni 250 hadi 450 na kivuli kinachozuia balbu isionekane ukiwa umelaza kichwa kwenye mto, na swichi inayofikika ukiwa umelala. Kwa watoto, taa ya usiku iwe hafifu kabisa na ya manjano au nyekundu (sababu ziko katika swali la 8).

12. Jikoni na kwenye meza ya kazi, kwa nini najikinga mwanga mwenyewe?

Kwa sababu taa iko darini nyuma yako, na unapoinamia kazi kivuli chako kinatangulia. Jikoni dawa yake ni mkanda wa LED chini ya kabati za ukutani, ufungwe karibu na ukingo wa mbele wa kabati badala ya kubanwa ukutani, ili mwanga uteremke mbele ya mikono yako. Kwenye meza, anayeandika kwa mkono wa kulia aweke taa kushoto, na wa kushoto kulia. Hapa CRI 90 si anasa: kisu, nyama na mboga vinataka rangi ya kweli.

13. Bafuni zinafaa taa zipi?

Taa zenye alama ya IP, yaani kiwango cha kinga dhidi ya vumbi na maji, inayolingana na mahali zilipo. IP44 huhimili maji yanayorushwa kutoka pande zote, na IP65 huhimili mkondo wa maji. Karibu na bomba la mvua chukua IP65. Maeneo mengine ya bafu, IP44. Nchi nyingi zina kanuni za umeme wa bafuni, na fundi mwenye leseni anapaswa kuzifuata. Kwa kioo, taa mbili za pembeni kwa urefu wa uso ni bora kuliko moja juu yake, ambayo hutia kivuli chini ya pua na kidevu.

## Kufunga na kulinganisha

14. Balbu yangu ya LED inavuma au kupepesa kwenye dima. Nifanye nini?

Kwanza hakikisha boksi linasema balbu inaruhusu kupunguzwa mwanga. Kama haikusema, usiiweke kwenye dima hata ikionekana kufanya kazi, kwani draiva yake inaumia. Kama ilisema, tatizo huenda ni dima yenyewe. Dima za zamani zilitengenezwa kwa balbu za uzi: hukata mwanzo wa kila wimbi la umeme na hutaka mzigo usiopungua kiasi fulani, mara nyingi makumi kadhaa ya wati. Balbu tatu za LED za wati 7 hazifiki hapo. Tafuta dima inayokata mwisho wa wimbi, iliyoandikwa kuwa inafaa LED, na ikiwezekana ichague kwenye orodha ya dima ambazo mtengenezaji wa balbu amezijaribu.

15. Nitajuaje kitako kinachoingia kwenye holda yangu?

Herufi hueleza umbo na namba huonyesha milimita. E27 ni cha skrubu chenye kipenyo cha milimita 27, E14 ni kidogo chake, B22 ni cha pini mbili za kusukuma na kuzungusha, na GU10 ni cha taa ndogo za kuelekeza mwanga, chenye pini zilizo mbali kwa milimita 10. Angalia pia volti: balbu nyingi za pini ya GU5.3 hutumia volti 12 na huhitaji transfoma, ambayo nayo huenda ikagoma kuwasha LED kwa sababu ya mzigo mdogo, kama dima za swali la 14.

16. Mikanda ya LED inafaa kwa nini, na mbona mwisho wake hufifia?

Inafaa chini ya kabati, nyuma ya runinga na kwenye kingo za dari. Mkanda wa volti 12 hupoteza volti kadiri unavyorefuka, ndiyo maana ukizidi mita 5 hivi mwisho wake huwa dhaifu; chukua wa volti 24, au uulishe umeme kutoka pande zote mbili. Uweke kwenye mfereji wa alumini wenye kifuniko cheupe kama maziwa, ambao huondoa joto na kuficha vitone. Pawa saplai iwe na uwezo unaozidi mzigo kwa asilimia 20 au zaidi.

17. Ninunue taa ambayo LED zake hazibadilishiki?

Mara nyingi ni nyembamba na hupoa vizuri, lakini draiva ikifa unatupa taa nzima. Kama si lazima, chukua yenye holda, au yenye draiva inayobadilishika kwa nje.

## Uhai na matatizo ya nadra

18. Boksi liliahidi saa 25,000. Mbona balbu imekufa mwaka wa kwanza?

Saa 25,000, kwa saa 3 kila siku, ni zaidi ya miaka 22. Hesabu hiyo kwa kawaida huitwa L70, yaani muda ambao mwanga wa LED unashuka hadi asilimia 70 ya ule wa mwanzo. Inahusu vipande vya LED, wala haiahidi chochote kuhusu draiva. Kinachokufa kwanza mara nyingi ni kapasita, kijenzi kidogo cha kuhifadhi chaji ya umeme kilicho ndani ya draiva, na muuaji wake ni joto: kwa kanuni ya jumla ya mafundi, kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka hupunguza uhai wake kwa nusu.

Kwa hiyo jiulize balbu iliishi wapi. Ndani ya kibakuli cha kioo kilichofungwa? Ikitazama chini ndani ya taa iliyozungukwa na insulesheni, yaani nyenzo za kuzuia joto? Chukua balbu iliyoandikwa kuwa inafaa taa zilizofungwa, au ya lumeni pungufu. Penye umeme unaopanda na kushuka, tafuta balbu inayokubali volti za upana mkubwa, kwa mfano 100 hadi 240. Balbu kadhaa zikifa kwenye holda moja, mwite fundi akague holda na nyaya kabla ya kuilaumu balbu nyingine.

19. Nimezima swichi, lakini balbu inawaka hafifu gizani. Je, ni hatari?

Mara nyingi si hatari. LED huhitaji mkondo mdogo mno, na unaovuja kupitia kitaa kidogo cha swichi, au unaoruka kati ya nyaya mbili zinazoenda sambamba, unatosha kuiamsha. Fundi anaweza kubadilisha swichi au kufunga kapasita ya kunyonya mkondo huo karibu na taa. Kuna chanzo kimoja cha hatari: swichi iliyofungwa kwenye nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, badala ya waya unaouleta. Hapo holda inabaki na umeme hata ukizima, na anayebadilisha balbu anaweza kurushwa. Mwambie fundi aangalie hilo kwanza.

20. Redio inakoroma taa ikiwaka. Kwa nini?

Draiva huzima na kuwasha umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na isiyochujwa vizuri hurusha kelele inayoingia redioni. Zima balbu moja moja mpaka mkoromo ukome, kisha badilisha hiyo.

21. Balbu za LED zilizokufa nizitupe wapi?

Hazina zebaki, tofauti na zile za enajisava, hivyo ikivunjika haina sumu ya kuvutwa. Hata hivyo ni taka za kielektroniki: zina sakiti, risasi ya kuunganishia kwa baadhi, na madini yanayoweza kurudishwa kiwandani. Zipeleke zinapokusanywa simu na vifaa vibovu, na zile zenye betri ya akiba ndani zitenganishe na nyingine, kwa kuwa betri hizo zinaweza kushika moto zikikandamizwa kwenye gari la taka.